Stresi ya mama mjamzito na ubongo wa mtoto: jamani "acha mawazo" sio ushauri

#1 Mtoa mada

Habari zenu wanajukwaa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi arudi akitulia.

Juzi nilikaa na mdogo wangu mmoja, ana mimba ya miezi mitano, mume wake kaachishwa kazi na nyumbani hapakaliki. Alikuwa analia huku anajizuia kulia. Yaani amebana pumzi, anameza mate, macho mekundu, mkono mmoja umekumbatia tumbo kama vile anamziba mtoto masikio. Nikamuuliza mbona unajibana hivyo mdogo wangu? Akasema dada wameniambia nikilia namharibu mtoto ubongo.

Ile picha haijanitoka mpaka sasa hivi naandika. Kwa sababu na mimi mimba yangu ya kwanza nilikuwa hivyo hivyo. Nilienda kliniki presha ikasoma 140 kwa 90, muuguzi akaandika kwenye kadi bila hata kuninyanyulia macho, akasema "acha mawazo", akaita mwingine. Nikatoka pale na mawazo yangu yale yale niliyoingia nayo, halafu na jipya moja juu yake, kwamba mawazo yangu yanamuumiza mwanangu. Usiku ule sikulala.

Toka hapo hili jambo nimelisoma miaka, sio kwa kutaka sifa, ni kwa sababu nilitaka kujua nilimfanya nini mtoto wangu. Na nilichokuta ni kwamba jambo lenyewe ni la kweli, lina ushahidi, ila halipo vile tunavyotishiwa nalo.

Nianze na mwili unavyofanya. Mtu akishtuka ama akiwa na hofu, ubongo unatuma ujumbe mpaka kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo, zile tezi zinamwaga homoni inaitwa kotisoli. Sukari inapanda kwenye damu, mwili unajiweka tayari kukimbia au kupambana. Hatari ikipita, kotisoli hiyo hiyo inarudi kuuambia ubongo basi imetosha, bomba linafungwa. Huo ni mfumo mzuri kabisa, bila huo tusingekuwa hai. Shida ni pale hatari yenyewe haipiti, mtu anapigwa kila wiki, au deni halina mwisho, au kuna vita, au unaishi na mtu hajakusemesha mwezi wa pili huu. Bomba linabaki wazi.

Sasa kwa mjamzito kuna kitu watu wengi hawakijui. Kotisoli inapanda yenyewe tu hata kama umetulia kama maji ya mtungi, mpaka mimba inakaribia kutimia inakuwa mara mbili mpaka nne ya ile ya kawaida. Na mtoto anaihitaji, ndo inayomsaidia kukomaza mapafu. Kwa hiyo msikae mkadhani ni sumu. Kinachotakiwa ni kipimo na wakati wake, na hapo ndo linapoingia kondo la nyuma.

Kondo la nyuma lina kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuikamata kotisoli ya mama ikitaka kuvuka na kuigeuza kuwa kitu kisicho na nguvu. Kama mlinzi getini. Sehemu kubwa inaishia pale pale, inayopenya ni kidogo. Sasa mwaka 2012 watafiti wa London walichapisha kazi yao waliyoifanya kwa akina mama waliokuwa wanasubiri kujifungua kwa upasuaji wa kupangwa, waliwapima wasiwasi siku moja kabla, halafu wakachunguza kondo lenyewe. Wale waliokuwa na wasiwasi zaidi, yule mlinzi wao alikuwa amepungua. Niliposoma hapo niliweka simu chini kwanza. Maana yake ni kwamba siku ambazo mama kazidiwa ndo siku hizo hizo na geti linalegea.

Na kotisoli sio njia peke yake. Mama mwenye msongo halali, hali vizuri, mishipa inayopeleka damu kwenye mji wa mimba inaweza kubana, kinga ya mwili nayo inachafuka. Vyote vinaenda pamoja, hauwezi ukakichomoa kimoja ukasema ni hiki hapa.

Kwenye ubongo wa mtoto wenyewe sasa. Ule mfereji ambao baadaye unakuja kuwa ubongo na uti wa mgongo unafunga mnamo siku ya 28 toka mimba itunge, wengi wetu hapo hata hatujajua kama tuna mimba. Halafu seli za fahamu zinazaliwa kwa kasi ya ajabu na kuhama kila moja kwenda kwenye kituo chake, miezi ya mwisho zinaanza kuunganishwa. Kuna maeneo mawili yana vipokezi vingi vya kotisoli, ndo maana yanatajwa sana. Moja ni hipokampasi, inahusika na kumbukumbu na pia inasaidia kuzima ile kengele ya hofu. La pili ni amigdala, hiyo ndo kengele yenyewe.

Watafiti wa hospitali moja ya watoto Washington walichapisha mwaka 2020, walikuwa na wajawazito 119, mtoto anapigwa MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) akiwa bado tumboni. Kwa akina mama wenye wasiwasi mwingi, hipokampasi ya kushoto ya mtoto ilikuwa ndogo kuliko ya wenzake. Na hawa hawakuwa watu wa kwenye vita, wengi ni wasomi wana kazi zao, mimba hazina tatizo lolote. California nako mwaka 2012 wakaonyesha kwamba mama akiwa na kotisoli ya juu mapema kwenye mimba, binti yake akifika miaka saba hivi amigdala ya kulia inakuwa kubwa zaidi, na mabinti hao walikuwa na matatizo zaidi ya kihisia.

Mwanangu alipozaliwa alikuwa anashtuka kwa kila kitu. Komeo la mlango likigonga, kijiko kikianguka jikoni, mikono inaruka juu vidole vimetanuka, kidevu kinatetemeka, halafu ndo kilio. Mimi kila akishtuka najisemea hii ni ile mimba. Nilikuja kujua baadaye sana kwamba kila kichanga huruka hivyo miezi ya kwanza, na asiporuka kabisa ndo daktari anaingiwa na wasiwasi. Miezi mitatu nzima nilikuwa namwangalia mtoto mzima wa afya kama ushahidi wa kosa langu. Hakuna aliyeniambia.

Nitaendelea, mwenye swali aulize.

#2 Kipanga_42

Mada nzuri ila mi sikubaliani sana mkuu. Mama zetu na bibi zetu wamebeba mimba kwenye njaa, kwenye vita, kwenye kila aina ya shida, mbona watoto wamekua na akili zao? Hizi ni habari za watu wenye muda. Tukianza kuwaambia wanawake hivi tunawaongezea stresi nyingine.

#3 Mtoa mada

Mkuu hoja yako ya mwisho ndo iliyonifanya nifungue huu uzi kwa hiyo hapo tupo pamoja. Ila hiyo ya kwanza ngoja nikujibu maana imeshapimwa.

Uholanzi majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 Wajerumani walizuia chakula, watu wakafa kwa njaa. Kumbukumbu za hospitali zilibaki, wale waliokuwa tumboni wakafuatiliwa mpaka utu uzima. Waliotungwa kwenye kilele cha njaa walikuwa na uwezekano kama mara mbili wa kupata skizofrenia, ule ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aone visivyokuwepo. Sasa sikiliza vizuri hiyo mara mbili ni ya nini, ni ugonjwa unaompata kama mtu mmoja hivi kwenye mia. Kwa hiyo ni kama wawili kwenye mia, na wengine wote waliobaki hawakuupata. Na pale ilikuwa njaa kabisa, sio mawazo tu.

Mfano mwingine ni Kanada, Januari 1998 dhoruba ya barafu iliangusha nguzo za umeme Quebec, mamilioni ya watu wakakaa gizani kwenye ule ubaridi, wengine zaidi ya mwezi. Watafiti wakawatafuta waliokuwa wajawazito. Uzuri wa hii ni kwamba barafu haichagui, haiangalii nani ana wasiwasi wa asili na nani hana. Wale ambao mama zao walipata taabu zaidi, siku nyingi bila umeme, kuhamahama, walikuwa nyuma kidogo kwenye lugha na vipimo vya akili wakiwa na miaka miwili, na ilikuwa bado inaonekana wakiwa na miaka mitano na nusu. Nyuma kidogo. Wanacheza, wanaongea, wanaenda shule.

Ndo maana bibi zetu walizaa watu wazima wenye akili, na utafiti nao ni wa kweli. Havigongani. Hiki ni kitu kinachosukuma mizani kidogo, hakiandiki hukumu.

#4 Labtek

Mimi naomba nichokoze kitaalamu kidogo. Mama mwenye wasiwasi anaweza kuwa amemrithisha mtoto jeni za wasiwasi tu. Au mtoto amelelewa na mama mwenye wasiwasi miaka mitano mfululizo. Utajuaje kwamba ni tumboni?

#5 Mtoa mada

Swali hili lilinisumbua mpaka nilipokutana na kazi moja ya Uingereza ya mwaka 2010, nadhani hakuna iliyofikiriwa vizuri kuizidi. Walichukua watoto waliotungwa maabara. Kundi moja yai ni la mama mwenyewe, kundi lingine yai ni la kuchangiwa na mwanamke mwingine, kwa hiyo mama amebeba mtoto asiye na jeni zake hata moja. Kama ni urithi tu, basi kundi hilo la pili uhusiano upotee.

Wakakuta uzito wa kuzaliwa na tabia za ukorofi, uhusiano na stresi ya mimba ulibaki kwenye makundi yote mawili, kwa hiyo hapo tumbo lina mchango wake. Lakini matatizo ya kutotulia na kushindwa kuzingatia, uhusiano ulikuwepo kwa wenye jeni za mama tu, hapo tulikuwa tunalisingizia tumbo. Na wasiwasi wa mtoto, mchango mkubwa ulikuwa ni hali ya mama baada ya kuzaa. Kwa hiyo Labtek uko sahihi nusu, na nusu hiyo ni muhimu maana ndo inatupa pa kushika.

#6 wiki31

Dada mimi huwa nasoma tu siandiki. Nina wiki 31. Mama yangu mzazi amefariki wiki iliyopita. Nimelia siku nne sijala chochote cha maana, siku ya maziko mtoto hakucheza kama alivyozoea nikajua nimeshamuua, nikaenda hospitali wakasikiliza mapigo wakasema yuko sawa. Sasa kila nikianza kulia watu wananizuia wanasema fikiria mtoto. Nimesoma hapo juu kuhusu hiyo hipokampasi. Naomba uniambie ukweli tu, nimeshamharibu?

#7 Mtoa mada

Pole sana mdogo wangu. Pole mno. Nimesoma ujumbe wako mara tatu kabla ya kujibu.

Ukweli ulioutaka ni huu, hapana. Umefiwa na mama yako na umelia. Hicho kilichopimwa kwenye hizo tafiti ni hali ya muda mrefu, kengele iliyolia wiki na miezi bila kuzimwa na bila mtu wa kusaidia kuizima, na hata hao wengi watoto wao wako vizuri. Machozi hayapo kwenye orodha ya vitu vinavyoharibu ubongo wa mtoto. Kuzuiwa kulia ukabaki umejifungia na majonzi peke yako, hilo ndo mimi naliogopa zaidi kwako.

Tena kuna utafiti wa Marekani wa 2006, akina mama wenye afya zao, hawana unyogovu, waliokuwa na stresi ya kiasi wakati wa mimba, watoto wao wakiwa na miaka miwili walikuwa mbele kidogo kwenye kutembea na kuelewa. Sio nyuma. Nimekutajia sio ili uipende huzuni yako, ni ili ujue mtoto hajengwi kwa kioo.

Na kuna jingine ambalo laiti ningelijua mapema. Watafiti walipima kotisoli kwenye maji yanayomzunguka mtoto tumboni, wakaja kuwapima watoto hao uelewa wakiwa na miezi 17. Walikuta kotisoli ikiwa juu uelewa unashuka, ila hiyo ilikuwa kwa watoto ambao hawakuwa na ukaribu wa uhakika na mama zao tu. Kwa wale ambao mtoto anajua nikilia nitabebwa, uhusiano ule haukuonekana. Hauonekani mdogo wangu. Mtoto anazaliwa na ubongo wa kama gramu 400, wa mtu mzima ni kama 1,300 na zaidi, kwa hiyo kazi kubwa ya kujenga iko huku nje ambako utamshika.

Umefanya vizuri sana kwenda hospitali aliposhuka kucheza. Fanya hivyo hivyo siku yoyote akipunguza, siku hiyo hiyo, usisubiri kesho na usione aibu kwenda mara ya tatu.

Sasa nikuombe kitu. Majonzi yana mawimbi, yanakuja yanapungua, katikati unapata hata dakika ya kumkumbuka mama ukatabasamu. Ukiona wiki mbili zimepita hakuna wimbi linaloshuka, usingizi hauji hata ukiwa umechoka, hakuna kinachokugusa, au unajiona mzigo, waambie kliniki kwa maneno hayo hayo, usiseme "niko sawa nimechoka tu". Kuna dodoso la maswali kumi tu linatumika toka 1987, mkunga anaweza kukuuliza ndani ya dakika tano. Na likija wazo la kujidhuru, hilo halisubiri wiki mbili, mwamshe mtu usiku huo huo mwende. Kama kuna dawa yoyote unatumia ya mawazo au usingizi usiiache kimya kimya kwa kuogopa uzi kama huu, ongea na daktari kwanza.

Nani yupo na wewe hapo nyumbani usiku?

#8 BabaWatatu

Dada mtoa mada mimi ni mwanaume na nimesoma uzi wote nikiwa nimeinamisha kichwa. Mimba ya huyu wetu wa pili nilipoteza biashara nikawa narudi usiku sisemi na mtu. Sikumpiga wala kumtukana mke wangu, nilinyamaza tu, nilidhani namficha asipate presha. Sasa ana mimba ya tatu, miezi minne. Nifanye nini, niambie vitu vya kufanya.

#9 Mtoa mada

Kaka umeandika kitu kikubwa. Kwanza mwambie ukweli wa hali ilivyo, hata kama ni mbaya. Mke anayejua deni ni kiasi gani ana shida moja, asiyejua anatunga kumi usiku akiwa amekodoa macho darini. Ubongo hauzimi kengele kwa kitu ambacho hakina jina.

Halafu usingizi wake uulinde kama mali. Mtoto mwingine akiamka usiku amka wewe. Kazi za kuinama na kubeba zichukue bila kusubiri uombwe, maana kuomba nako ni kazi. Kliniki nenda naye, ukae naye ndani, ukisikia "acha mawazo" wewe ndo uulize, tafadhali tunafanyaje, anaongea na nani hapa?

Na usidhani haya ni mambo madogo. Shirika la Afya Duniani linasema duniani kote kama mwanamke mmoja kati ya kumi anapata tatizo la afya ya akili akiwa mjamzito, nchi zinazoendelea ni zaidi ya hapo, karibu 16 kwenye mia. Pakistani vijijini walijaribu kitu, wahudumu wa afya wa kawaida tu, sio madaktari wa akili, walifundishwa namna ya kukaa na mama mwenye unyogovu, kumsikiliza, kuyapanga upya mawazo yake na kuishirikisha familia. Matokeo yakatoka 2008. Mtoto alipofika miezi sita, waliokuwa bado na unyogovu ni 23 kwenye mia, kundi la kulinganisha ni 53. Ni kuongea tu kaka. Mtu anakuja nyumbani, anakaa chini, anauliza, anasikiliza.

Mtoto akizaliwa vua shati umweke kifuani, na wewe pia, sio mama peke yake. Ngozi kwa ngozi ilianzia Bogotá, Kolombia, 1978 kwa watoto njiti kwa sababu mashine za joto hazikutosha, ikaonekana mapigo yanatulia, pumzi inatulia, na mtoto analala. Kifua cha baba nacho kina joto.

Na huyo wa pili ambaye unamuwaza sasa hivi hajachelewa. Ana miaka mingapi? Kaa naye sakafuni leo.

#10 Kipanga_42

Nimerudi. Nilikuja kubishana, ila mke wa mdogo wangu ana mimba na sisi familia nzima tumekuwa tukimwambia usilie usilie. Nimempigia mdogo wangu sasa hivi nikamwambia amwache alie, na akae naye.

#11 wiki31

Dada umeniuliza nani yupo na mimi usiku. Nilikuwa nalala peke yangu, mume yuko kikazi mbali, na nilikuwa nawaambia watu niko sawa wasije. Baada ya kusoma nimempigia dada yangu mkubwa nikamwambia siko sawa. Hakuuliza kitu amesema anakuja na vitu vyake.

Nimelia tena sasa hivi, sikujizuia. Mtoto anacheza, yuko upande wa kulia chini ya mbavu.

#12 Mtoa mada

Mwache acheze. Dada akifika niandikie hata neno moja, nipo macho.